Daktari Michael Wood na watu waliomsubiri kiwanjani

Hivi karibuni, katika kipindi chetu cha afya, tuliwakaribisha studio wahudumu wa gari la wagonjwa watueleze kazi yao. Ujumbe mfupi ulioingia ulikuwa mwingi kuliko dakika tulizokuwa nazo. Kutoka Mtumba, Ihumwa na Chamwino swali moja lilijirudia: yule daktari wa ndege ambaye wazee humtaja alikuwa nani, na ndege yake ilifikaje vijijini ambako hata basi halikufika? Tuliahidi kuandika, na ahadi ni deni.

Jina lake ni Michael Wood. Wengi mnalijua shirika aliloliacha, Amref, kuliko mnavyomjua yeye. Alifariki mwaka 1987, na wasikilizaji wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatusaidia kuelewa jambo ambalo wageni wetu walilirudia sana siku ile. Walisema mgonjwa wa dharura hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kitandani, na kwamba mara nyingi anapopotea njiani, gari lilikuwepo na dawa zilikuwepo, ila watu hawakusemezana.

Kijana mwenye pumu

Wood alizaliwa Uingereza mwaka 1919. Alisomea udaktari London, katika Hospitali ya Middlesex, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia wakati mji ule ukipigwa mabomu. Alikuwa na pumu, tena pumu ya kumlaza chini, na baridi na ukungu wa Uingereza havikumsaidia. Mwaka 1943 alimwoa Susan, binti wa wamisionari, aliyezaliwa Kongo. Baada ya vita wakahamia Nairobi, kwenye hewa kavu ya nyanda za juu, na huko Wood akafanya kazi ya upasuaji.

Nairobi ya wakati ule ilikuwa mji wa kikoloni ambao hata hospitali zake zilitenganishwa kwa rangi ya ngozi. Nje ya miji, daktari alikuwa kitu cha kusikia tu. Amref wenyewe husimulia kwamba shirika lao lilipoanza, Afrika Mashariki ilikuwa na daktari 1 kwa watu 30,000 hivi. Daktari wa upasuaji alikuwa adimu zaidi, na karibu wote walikaa mijini.

Kilichomsumbua Wood zaidi ni majeraha yaliyopona vibaya. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana hapa. Mtoto anaangukia mafiga, au mtu mwenye kifafa anaanguka motoni. Hafi. Kidonda kinapona chenyewe nyumbani, lakini ngozi inajikunja inapokauka, vidole vinafumba visifumbuke tena, au kidevu kinashikana na kifua. Kuna watoto wanaozaliwa na mdomo sungura, na kuna watu walioraruliwa uso na fisi walipolala nje msimu wa joto. Hao wote hawakuwa wagonjwa wa kufa leo wala kesho, kwa hiyo hakuna aliyewasafirisha. Wangeweza kurekebishwa kwa upasuaji, ila upasuaji huo ulikuwa siku nyingi za safari kutoka walipo.

Wodi isiyokuwa na vyeo

Katika miaka ya 1950 Wood alirudi Uingereza kwa muda kujifunza upasuaji wa kurekebisha ngozi na viungo. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, mtu wa New Zealand, aliyepata sifa wakati wa vita kwa kuwatibu marubani walioungua ndege zao ziliposhika moto. Hospitali yake ilikuwa katika mji mdogo wa East Grinstead.

Hapa tunaomba tukae kidogo, maana tunaona ndipo penye mzizi wa mengi.

Jeshi ni mahali pa vyeo. Ofisa ana chumba chake, askari wa kawaida ana chake. McIndoe alilegeza mambo hayo wodini kwake. Ofisa na askari walilala jirani, wakaruhusiwa kuvaa nguo zao badala ya sare ya wagonjwa, wakaruhusiwa kutembea mjini wakiwa na nyuso zilizoungua, na watu wa mji wakazoezwa kuwapokea bila kuwakodolea macho. Mgonjwa aliyetaka kujua atakachofanyiwa aliweza kuingia chumba cha upasuaji akatazama mwenzake akifanyiwa. Mwaka 1941 wagonjwa wale walianzisha chama chao wakajiita kwa jina la mnyama mdogo wa majaribio wa maabara, kwa mzaha, kwa sababu walijua daktari wao alikuwa akijaribu mambo ambayo hayajawahi kufanywa.

McIndoe mwenyewe hakuwa mtu mpole, tusije tukampaka mafuta. Alikuwa mkali na alipenda mambo yaende alivyotaka. Lakini wodi yake ilikuwa mahali ambapo mtu wa chini aliweza kumwuliza mtu wa juu swali, akajibiwa. Kwa hospitali za zama zile, na tuseme kweli, hata kwa hospitali na ofisi nyingi za leo, hilo halikuwa jambo la kawaida.

Shambani Ol Molog

Wood na familia yake walikuwa na shamba Ol Molog, kwenye miteremko ya Kilimanjaro inayotazama Kenya, ndani ya Tanganyika. McIndoe naye alipata shamba huko huko. Wood alijifunza kurusha ndege, na kati ya Nairobi alikofanya kazi na shambani alikoishi mke wake na watoto wanne, ndege ndogo ikawa kama baiskeli yake.

Mwaka 1956 wapasuaji watatu walikaa wakapanga. Wawili tumeshawataja, wa tatu alikuwa Tom Rees, Mmarekani kutoka New York. Wazo lao lilikuwa jepesi kulisema: kama mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji, mpasuaji amfuate. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo tunaliita Amref. McIndoe hakuishi kuliona likikua, maana alifariki mwaka 1960. Rees alirudi Marekani akawa mtu wa kutafuta fedha na kuja mara kwa mara kufanya upasuaji. Aliyebaki na mzigo wa kila siku alikuwa Wood.

Hawakuwa wa kwanza duniani. Australia ilikuwa na madaktari wa ndege tangu 1928, na huko walishagundua kwamba ndege peke yake haitoshi. Mtu aliye porini atamwitaje daktari? Fundi mmoja wa Australia, Alfred Traeger, akatengeneza redio ya mawasiliano iliyopata umeme kwa kukanyaga pedeli kwa miguu, kama mtu anayeshona cherehani. Mama wa nyumbani, kilomita mamia kutoka mjini, alikanyaga huku akieleza hali ya mtoto wake. Sisi watu wa redio tunaipenda sana habari hiyo.

Ndege inapotua, nani yuko chini?

Tukisema daktari wa ndege, picha inayokuja kichwani ni ya Mzungu mmoja angani. Hebu tushuke chini tuangalie kiwanjani.

Kiwanja cha porini ni kipande cha ardhi kilichofyekwa. Muhanga huchimba mashimo usiku, na gurudumu dogo likiingia shimoni ndege inapinduka. Kwa hiyo kabla ya ndege kufika, mtu lazima atembee kiwanja kizima kwa miguu akitazama chini na kufukia mashimo. Mwingine anafukuza ng'ombe na mbuzi, na lazima abaki pale, kwa sababu mbuzi hurudi. Mwingine anawasha moto wa majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo unatoka wapi. Tena lazima mtu aseme ukweli kuhusu mvua ya jana: udongo ni mkavu au unateleza? Anayesema ni mkavu kwa sababu anataka ndege ije haraka anaweza kuwaua waliomo.

Kuna habari ya saa pia. Kiwanja cha namna hiyo hakina taa, na kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndege lazima itue, mgonjwa apakiwe na iruke kabla ya giza. Na kuna joto. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla haijanyanyuka. Rubani anahesabu uzito. Ndugu wa mgonjwa wanataka kupanda watatu, yeye ana nafasi ya mmoja. Mtu wa kijijini anayeheshimiwa, mwenyekiti au mwalimu, ndiye anayeweza kuwatuliza ndugu hao kwa lugha yao wakamsikiliza, dakika zisipotee kwa mabishano.

Halafu kuna nesi au mganga wa zahanati ambaye amekesha na mgonjwa. Yeye ndiye anayejua mapigo ya moyo yalikuwa mangapi alfajiri na mangapi sasa, dawa gani imeshatolewa na saa ngapi. Daktari anayetua hajui lolote. Kama nesi huyo anamwogopa daktari, au daktari amezoea kupokea machela bila kumtazama aliyeishika, maarifa yote ya usiku mzima yanabaki kiwanjani.

Majina ya watu hawa hayamo kwenye vitabu. Wood anayo sifa yake na anaistahili, lakini kila mara alipotua salama kulikuwa na mtu aliyekwisha kufukia shimo.

Simu ya upepo

Katika miaka ya 1960 shirika lilijenga mtandao wa simu za upepo, zile tunazoziita redio kol, ukiunganisha Nairobi na hospitali na misheni za mbali. Kwa maoni yetu hili lilikuwa kubwa kuliko ndege. Ndege inamsaidia mgonjwa mmoja kwa safari moja. Simu ya upepo ilimwezesha mganga aliye peke yake kupata ushauri wa kumtibu mgonjwa palepale, na ndege isihitajike kabisa.

Kuzungumza kwa chombo hicho kuna adabu yake. Ni mmoja tu anayesikika kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe mwenzako akiwa bado anasema, nyote wawili mnapotea. Kwa hiyo unasema wewe ni nani na uko wapi, kisha unanyamaza usikie kama umepokelewa. Unaeleza mgonjwa ana umri gani, kilichotokea, unachokiona, umeshafanya nini, na unaomba nini. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Wanaeleza hadithi ndefu ya mgonjwa na kumaliza bila kusema kama wanataka ndege, dawa au ushauri. Mwisho kabisa, aliyepokea anarudia kwa maneno yake alichosikia, hasa namba. Kumi na tano na hamsini hazifanani masikioni, lakini katikati ya mikwaruzo ya mawimbi lolote linawezekana, na dozi ya dawa haisamehe.

Sisi tulilijua hili kwa upande mwingine kabla ya kulisikia kwa wahudumu wa afya. Studio, mtangazaji na fundi mitambo wasiporudishiana maneno, matangazo ya kifo husomwa kwa jina lisilo sahihi. Ilishatutokea. Familia ilipiga simu ikilia kwa sababu mtu wao alikuwa hai. Karatasi ilikuwa sahihi. Aliyeisoma kwa sauti na aliyeiandika upya hawakurudia jina.

Hatari ya mtu anayeweza yote

Wood alikuwa rubani na mpasuaji kwa pamoja. Watu walimsifu kwa hilo, na kweli lilihitaji moyo. Lakini tukilitazama kwa macho ya leo linatutia hofu kidogo.

Chukulia rubani anayejua kwamba kule anakokwenda kuna mama anayetokwa damu. Mbele kuna wingu jeusi. Kama angekuwa amebeba magunia angegeuza. Kwa kuwa ni mama, anajiambia atapita tu. Huruma yake inamwambia jambo moja, anga linamwambia jingine, na wote wawili wanazungumza ndani ya kichwa kimoja. Ndiyo maana baadhi ya huduma za ndege za wagonjwa siku hizi hazimwambii rubani hali ya mgonjwa kabla hajaamua kuruka. Anaulizwa hali ya hewa na njia tu. Nyingine zimeweka sharti kwamba mtu yeyote ndani ya ndege, hata mgeni kuliko wote, akisema hapana, safari imekwisha, na haulizwi kwa ukali kwa nini.

Ongeza uchovu. Watafiti wamepima wakakuta mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe kidogo. Mpasuaji aliyeruka asubuhi, akasimama mezani mchana kutwa, kisha akarudi kushika usukani jioni, hata akiwa hodari namna gani, mwili wake ni wa binadamu. Kadiri miaka ilivyokwenda shirika liligawa kazi hizo: marubani wa kuajiriwa, wauguzi wa ndani ya ndege, watu wa simu ya upepo, madaktari. Kituo chao kikawa Uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako ndege za madaktari wa Amref zinaruka mpaka leo.

Wood alipokuwa bado kazini, ajali moja ya mbali iliufundisha ulimwengu jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana uwanjani katika ukungu. Walikufa watu 583. Rubani mkuu wa ndege moja alikuwa mmoja wa watu wenye uzoefu mkubwa katika kampuni yake. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama kweli njia ilikuwa wazi. Rubani akajibu kwamba iko wazi, akaendelea, na aliyeuliza hakusisitiza. Dakika hiyo hiyo maneno mawili ya redio yalipishana, yakafutana, na onyo likapotea.

Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani kusikiliza, na wasaidizi wao kusema tena wasiposikika. Ikawa elimu kamili, elimu ya namna watu wazuri wanavyokosea wakiwa pamoja. Wahudumu wa dharura na wapasuaji wakaichukua kutoka kwa marubani.

Na Tanzania imo ndani ya habari hii. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi ya ukaguzi kabla na baada ya upasuaji katika hospitali za miji 8 duniani. Kulikuwa na London, Toronto, Seattle, New Delhi, na kulikuwa na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Karatasi ile inawataka watu wote chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi, na wasome kwa sauti jina la mgonjwa na sehemu itakayopasuliwa. Ukiisikia unaweza kuiona kama mchezo wa watoto. Lakini katika hospitali zile 8 zikichukuliwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari mkubwa huona wepesi zaidi kutamka pia kwamba kitambaa kimoja hakijahesabiwa.

Mtu wa zama zake

Wood hakuwa malaika, na wazee waliokuwepo wanaweza kuwa na maneno yao. Alikuwa Mzungu mwenye shamba katika nchi iliyotawaliwa. Alikuwa mmoja wa viongozi wa Chama cha Capricorn, kilichotaka watu wa rangi zote wawe raia wa nchi moja, jambo jema, lakini kilipokutana Salima, Nyasaland, mwaka 1956 kilikubali mpango wa kura ambao ungewapa baadhi ya watu kura nyingi kuliko wengine kwa elimu au mali zao. TANU ilidai mtu mmoja kura moja, na historia ilikwenda na TANU. Capricorn kikafifia, Wood akabaki na kazi yake ya tiba.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ilichagua njia ya zahanati na waganga wa vijijini kuliko hospitali kubwa chache. Amref nayo ilizidi kuelekea huko: mafunzo, vitabu vya wahudumu wa vijijini, kinga. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa huduma yenye kituo chake Nairobi hilo halikuwa jambo dogo.

Hapa kwetu Dodoma, wanaokumbuka ndege ndogo kijijini huenda wanakumbuka pia za MAF, shirika la kikristo la ndege, ambalo kwa miaka mingi liliutumia uwanja wetu kupeleka wahudumu wa afya sehemu za mbali. Msichanganye mashirika haya mawili, ingawa kazi ya kumfukuza mbuzi ilikuwa ile ile.

Mwenzake Wood aliyependwa sana, hasa Kenya, alikuwa Anne Spoerry, Mfaransa aliyejiunga na shirika mwaka 1964 na kujifunza kurusha ndege akiwa na miaka zaidi ya 40. Watu walimwita Mama Daktari. Naye alizunguka na ndege yake mpaka karibu na kifo chake mwaka 1999, na habari yake inahitaji makala yake peke yake.

Susan, mke wa Wood, hakukaa kumsubiri mume tu. Mwaka 1975 alianzisha huko Karen, Nairobi, karakana ya shanga za udongo akiwa na wanawake wawili. Ikakua ikawa Kazuri, iliyoajiri kina mama wengi wanaolea watoto peke yao.

Mwaka 1985 Wood aliacha uongozi wa Amref. Mwaka huo huo Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha heshima, na yeye, badala ya kupumzika, akashirikiana na mwenzake kuanzisha shirika la kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji, FARM-Africa, baada ya njaa kubwa ya Ethiopia. Alifariki miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 68.

Kutoka simu ya upepo hadi 115

Leo kila mmoja wenu anayesoma hapa ana mkononi kitu ambacho Wood angekitamani. Mwezi Aprili 2022, hapa hapa Dodoma, serikali ilizindua nchi nzima mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Namba ni 115, haikatwi salio. Anayepokea anauliza maswali, anaamua mgonjwa aende wapi, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Lakini bado lazima mtu apige. Sisi wenyewe tuliwahi kusimama kwenye ajali ya bodaboda barabara ya Morogoro, si mbali na Mtumba. Watu walikuwa labda hamsini. Kijana alikuwa chini, anapumua kwa shida. Wengi walikuwa wakipiga picha, mmoja alimwekea kanga chini ya kichwa, wengine walibishana nani mwenye makosa. Tuliuliza nani ameita msaada. Kila mmoja alimtazama jirani yake. Ilikuwa imepita karibu nusu saa na hakuna aliyepiga simu, kwa sababu kila mtu aliona watu wengi na akaamini mwingine ameshapiga. Nasi, tuseme kweli, tulipotoka garini tulidhani hivyo hivyo.

Mgeni wetu mmoja alitueleza wanavyofundishwa kuvunja hali hiyo. Huelezi umati kwamba mtu apige simu. Unamnyooshea mtu mmoja kidole, unamwita kwa shati lake kama hujui jina, wewe wa shati la bluu, piga simu sasa, kisha urudi uniambie wamesema nini. Mwingine unamtuma barabarani kusimamisha magari. Mwingine anashika kichwa cha majeruhi kisitikisike. Ukimpa mtu kazi moja anaifanya.

Kipindi kijacho cha afya wahudumu wale watarudi studio, na safari hii tumewaomba walete karatasi yao ya kukabidhiana mgonjwa waisome hewani, kipengele kwa kipengele. Kama kijijini kwenu palikuwa na kiwanja cha ndege ndogo, Mvumi, Kongwa, Mpwapwa au kwingineko, tuandikieni ujumbe mfupi: kilikuwa wapi, sasa pana nini, na ni nani aliyekuwa akifukuza mbuzi.